Dirisha la Alhamisi

Alhamisi ilikuwa siku ya siagi na mayai. Wanawake wa Kijito cha Plamu walifika dukani kwa Asahel Thurlow kabla jua halijawa kali, kila mmoja na kikapu chake, siagi imefungwa kwa kitambaa kibichi na mayai yamezikwa kwenye pumba yasigongane. Bi Keziah, mke wa mwenye duka, aliliinua kila yai mbele ya dirisha kuona kama lina kifaranga. Yaliyokuwa mazuri aliyabadilisha kwa sukari, uzi na mafuta ya taa. Yenye kifaranga aliyarudisha kwa mwenyewe na kumpa hongera.

Huku mikono ikifanya kazi, mdomo wake haukukaa bure.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia wanawake.

"Nyumba yangu ina jicho moja. Likimaliza kuona kwangu, linakwenda kuona kwa jirani."

Wote walijua jibu, maana kila mmoja alikwisha kuliazima jicho hilo, lakini walinyamaza ili mchezo unoge.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Omaha," akasema Mama Krull.

"Omaha mmenipa juma lililopita."

"Basi chukua Chicago, na nguruwe wake wote."

"Nimekwenda Chicago, nimekula, nimenenepa. Jibu ni dirisha hili hapa."

Dirisha lenyewe lilikuwa na vioo vinne, na hapakuwa na jingine la kioo katika mwendo wa siku nzima kwa gari la ng'ombe. Thurlow na mkewe walilileta kutoka Ohio mwaka 1872, limelazwa kati ya pipa la misumari na pipa la biskuti kavu, limefunikwa mfarishi wa manyoya. Bi Keziah alitembea kwa miguu sehemu kubwa ya safari ili gari lisilemewe na vioo visipasuke.

Serikali ilikuwa ikigawa ardhi ya Nebraska bure, ekari mia na sitini kwa atakaye, lakini kwa masharti. Uishi hapo miaka mitano. Ulime. Uwe na nyumba, na ofisi ya ardhi ya upande huo ilitaka nyumba hiyo iwe na dirisha la kioo, na mashahidi wawili waape kwamba wameliona kwa macho yao. Watu walikuwa na nyumba za mabonge ya udongo wenye nyasi, na milango ya ngozi. Kioo wangekitoa wapi? Basi siku ya kiapo mtu alikuja dukani na kuku wawili au gunia la viazi, akaazima dirisha. Lilitundikwa ukutani kwa vigingi. Mashahidi walilitazama, wakachungulia na nje kupitia humo ili kiapo kiwe kamili, kisha wakapanda farasi kwenda kuapa. Kabla ya chakula cha mchana dirisha lilikuwa limerudi dukani. Mashamba kumi na tisa ya Kijito cha Plamu yalipata hati kwa dirisha hilo moja.

Dirisha halikusahau hata nyumba moja. Likiwa ukutani dukani, badala ya barabara lilionyesha nje ya nyumba zile zilizoliazima, kila shamba kwa siku na saa yake ya kuliazima. Jumatatu asubuhi uliona ua wa Krull. Ikifika saa nne, ukaona zizi la Pettibone. Watu walifurahi, kwa kuwa sasa mtu aliweza kuja kununua chumvi huku akichunga mifugo yake.

"Mama Krull, ng'ombe wako ameingia kwenye mahindi."

"Yupi?"

"Yule wa pembe moja."

"Mwache. Huyo hula kidogo."

Alhamisi peke yake lilionyesha barabara, kwa sababu siku hiyo lilikuwa na kazi ya mayai na Bwana Thurlow hakuliazimisha. Ilikuwa hivyo mpaka Alhamisi moja ya Machi, mwaka 1877.

Binti yao Lovina alikuwa ameposwa na Orrin Babcock, kijana mwenye mikono mizuri ya kazi na asiye na shamba. Mashamba ya kando ya kijito yalikuwa yamekwisha. Lililobaki bila hati lilikuwa la Gunhild Aasen, mjane wa Kinorwe, aliyeishi katika nyumba aliyoichimba mwenyewe ubavuni mwa kilima. Alikuwa amekaa hapo miaka minne na miezi tisa. Alikuwa amepanda miti kumi na mmoja ya plamu kutokana na kokwa. Mwezi Desemba alikwenda Omaha kufua nguo kwa dobi, apate mbegu za masika, akafunga mlango wake kwa kamba.

Sheria ilisema anayeliacha shamba zaidi ya miezi sita amelipoteza. Mjane alikuwa ameondoka miezi mitatu. Bwana Thurlow na Tobias Krull waliapa kwamba ameondoka mwaka mzima, na kwamba anayeishi humo ni Orrin. Kuapa juu ya ule mwaka hakukumsumbua Thurlow. Kuapa juu ya dirisha ambalo hajaliona ndiko alikokataa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa. Kwa hiyo alilibeba dirisha mwenyewe, akalitundika kwenye nyumba ya mjane, akalitazama vizuri, ndipo akaenda kuapa. Ilikuwa Alhamisi.

Mjane alirudi mwezi Aprili na mfuko wa mbegu mgongoni, akamkuta Orrin analima. Walimkaribisha kahawa. Alikunywa, akapumzisha miguu, akaenda ofisi ya ardhi, akaonyeshwa karatasi. Akarudi Omaha. Majira ya baridi ya pili alikufa kwa homa ya mapafu, na yule dobi akaandika barua dukani kuuliza kama ana ndugu. Bi Keziah aliisoma kwa sauti, na wote waliokuwepo wakasikitika.

Lovina na Orrin waliishi vizuri. Nyumba ya mjane waliifanya banda la nguruwe, wakajenga yao ya mbao juu zaidi kilimani. Alhamisi dirisha la dukani lilionyesha shamba lao: kamba ya nguo, mahindi, miti kumi na mmoja ya plamu, na njia inayopanda kutoka kijitoni.

Mwaka 1879, mara tu theluji ilipoyeyuka, mjane alionekana mwisho wa njia hiyo. Alhamisi ya kwanza alikuwa mdogo kama punje ya mtama. Ya pili alifika kijitoni.

"Yule si Mama Aasen?" akauliza Mama Krull.

"Ndiye," akasema Bi Keziah. "Amekonda. Lete hilo yai."

Alhamisi ya tatu alikuwa kwenye plamu, akizikagua. Ya nne aligonga kioo.

"Karibu, Mama Aasen," akasema Bi Keziah.

"Ahsante. Kutoka Omaha ni mbali."

"Pole. Kahawa?"

"Nitashukuru. Ya hapa kwenu haijawahi kuwa nzito, lakini ni ya moto."

Dirisha halikuwa la kufunguka, kwa hiyo Bwana Thurlow alichukua kisu, akakitoa kioo cha chini upande wa kushoto, akakitengenezea bawaba kwa ngozi ya kiatu cha zamani. Kikombe kilipita bila shida. Mjane alikunywa amesimama, akafuta mdomo, akamtazama Lovina aliyekuwa na kikapu cha mayai mkononi na mimba ya miezi saba.

"Binti, mmelimaliza shamba langu?"

Lovina alihamishia kikapu mkono wa pili. "Bado, mama," akasema. "Ndiyo kwanza tunapanda."

"Haya. Nitapita tena."

Jioni hiyo hiyo, wakiwa mezani na jua bado halijazama, Lovina aliweka kijiko chini.

"Baba, uliapa kweli?"

"Dirisha nililiona kwa macho yangu," akasema Bwana Thurlow.

"Sijakuuliza dirisha."

Bi Keziah aliukata mkate wa mahindi vipande vingi kuliko watu waliokuwepo.

"Mimi nataka turudishe," akasema Lovina. "Sitaki mtoto wangu azaliwe kwenye shamba la watu."

"Tumrudishie nani?" akauliza Orrin kwa upole. "Marehemu halimi, mke wangu."

"Kahawa anakunywa."

Orrin akaomba siagi.

Jumamosi mchana wenye mashamba wote walikusanyika dukani, wakakaa kuzunguka jiko la chuma. Bwana Thurlow aliwaeleza lililopo. Akienda ofisi ya ardhi kusema kwamba aliapa uongo juu ya shamba moja, wataleta mtu wa kukagua mengine. Na mkaguzi ataanza na kuuliza madirisha.

"Pettibone, nyumba yako ilikaa na dirisha muda gani?" akauliza Tobias Krull.

"Saa mbili na nusu. Na mvua ilikuwa inanyesha, sikuona hata nje."

"Mimi saa moja. Kuku wangu walikuwa wembamba."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kila mmoja akahesabu watoto wake kimoyomoyo. Familia kumi na tisa zilikuwa zimekaa chini ya jicho moja. Likitolewa kwa mmoja, limetolewa kwa wote.

"Lovina, mwanangu," akasema Mama Krull, akimshika goti. "Yule mama anauliza kwa adabu. Si mtu wa fujo. Unaweza kumjibu kwa adabu vilevile."

"Nimwambie nini?"

"Lile lile ulilomwambia. Si kweli kwamba mlikuwa mnapanda?"

"Ni kweli."

"Basi hapo uongo uko wapi?"

Krull alijitolea mbao, Pettibone misumari, na kabla ya jua kutua walikuwa wamempigilia mjane rafu chini ya dirisha, aweke kikombe chake.

Lovina hakukubali. Siku tano nzima alipanga maneno yake. Atasema: njoo uchukue, mama, tutahama. Alhamisi alifika dukani wa kwanza, amevaa gauni lake la kanisani, na kumwambia mama yake asianze vitendawili.

Mjane alikuja, akapewa kahawa, akaisifu rafu.

"Binti, mmelimaliza shamba langu?"

Lovina alifungua mdomo. Nyuma ya bega la mjane aliiona kamba yake ya nguo, na nepi sita mpya alizozishona na kuzifua jana, zinapepea. Orrin alikuwa akinyoosha mstari wa jembe, akisimama kila mara kuwasemesha ng'ombe. Na plamu zote kumi na moja zilikuwa zimechanua usiku wa kuamkia siku hiyo, nyeupe mpaka chini, nyuki wamezijaa.

"Bado, mama," akasema Lovina. "Miti imechanua."

"Imechanua?" Mjane aligeuka, akaitazama kwa muda mrefu. "Basi msiitikise. Nitapita tena."

Lovina alikaa juu ya pipa la biskuti, na uzito uliomkaa siku tano ukamtoka. Alisikia njaa. Alikula biskuti nane.

Tangu hapo mambo yalikwenda vizuri. Mjane alikuja kila Alhamisi, na kila Alhamisi Lovina alikuwa na jibu la kweli. Bado mama, mahindi hayajakomaa. Bado mama, nguruwe hajazaa. Bado mama, theluji imefunga njia. Mwezi Agosti alimpitishia bakuli la jamu ya plamu, na kwa kuwa hapa hakuna anayerudisha bakuli tupu, mjane alilirudisha na kokwa za kupanda. Zikaota. Asahel Thurlow alikufa kwa amani, akazikwa kwa heshima. Duka likapata dirisha jingine, kubwa, lililoagizwa kwa reli, lakini lile la zamani liliachwa mahali pake na rafu yake.

Mwaka mmoja, alipokuwa na watoto watano, Lovina aliona watu wamesimama mbali nyuma ya mjane, kando ya kijito, wanaume kwa wanawake na mizigo yao mgongoni.

"Wale ni nani, mama?"

"Wapawnee, wenyeji wa asili. Waliishi pale kabla yangu, mpaka walipohamishwa kusini. Nao huja Alhamisi. Huniuliza kama nimelimaliza shamba lao."

"Wewe huwajibu nini?"

"Bado," akasema mjane, akapuliza kahawa yake.

Lovina alipokuwa bibi mwenye mvi, na duka limekuwa lake, alirithi na vitendawili vya mama yake. Alhamisi moja wajukuu walikuwa wanacheza juu ya magunia huku mjane akinywa kahawa na kuwasikiliza.

"Hata mimi ninacho kimoja," akasema mjane. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Kila mtu ananitazama, hakuna anayeniona."

Watoto walitaja kivuli, wakataja upepo, wakamtaja mchungaji wa kanisa, wakachapwa kidogo kwa hilo.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Omaha!"

"Omaha nimekaa. Hakufai kwa mapafu."

"Chukua Chicago!"

"Mji mkubwa ni wa nini kwa mtu mmoja? Nipeni shamba tu."

Watoto wakamgeukia bibi yao. Lovina alikuwa akiliinua yai mbele ya vioo. Lilikuwa zuri, halina kitu ndani. Aliliweka kulia.

"Mpeni Chicago," akasema.

"Chukua Chicago, bibi, na nguruwe wake wote!"

"Ahsanteni, wajukuu," akasema mjane. "Nimekwenda Chicago, nimezunguka, nimerudi. Jibu ni kioo cha dirisha."

Watoto wakapiga makofi. Mjane aliweka kikombe kwenye rafu, akajifunga kitambaa cha kichwa vizuri.

"Binti, mmelimaliza?"

"Bado, mama."

"Haya," akasema mjane, akashuka njia kuelekea kijitoni, ambako wenzake walikuwa wanamsubiri.