Ziwa Lililotangulia Chwele

Jumatatu, jua likichomoza, Wekoye alichukua jembe lake akateremka mferejini. Mwaka ulikuwa 1934, kwenye shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale, na kazi aliyopewa ilikuwa kukausha ziwa. Kina chake kilikuwa cha magoti tu, lakini korongo wenye mashungi, bata na yangeyange walilijaa mpaka maji huyaoni. Bwana alitaka mahindi pale.

Mama yake, Nakhungu, alikuwa mgonjwa huko Chwele, peke yake, hana hata wa kumtekea maji. Wekoye aliomba ruhusa. Bwana akasema ziwa likikauka atatia sahihi kwenye kipande chake, kile cheti cha kazi alichovalishwa shingoni, na bila sahihi hiyo mwanamume hakuvuka hata daraja bila kukamatwa. Basi alichimba wiki tatu. Alilia pia, tusifichane.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu ziwa halikuwapo. Kipketer, nyapara, alikuwa amesimama ukingoni akipiga mswaki kwa kijiti.

"Limeenda," alisema.

"Wapi?"

"Limeshika barabara ya Bungoma, na ndege wake wote. Nimelifungulia lango mimi mwenyewe."

"Na hukulizuia?"

"Ati nilizuie? Si mimi nazuia watu tu, bana. Ziwa halina kipande."

Bwana alikuja, akatazama matope, akauliza kama mahindi yataota hapo. Akaambiwa yataota. Akatia sahihi.

Wekoye alitembea siku mbili, na hakupotea. Kila mahali nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja, na kule Kamukuywa wanawake walinung'unika kwamba ziwa limepita juu ya nguo walizoanika.

Jioni ya siku ya pili alilikuta limejilaza mlangoni kwa mama yake. Lilikuwa limemeza shamba lote la maharagwe, ila liliacha njia ya kwenda chooni. Korongo walikuwa wakirukaruka penye shamba la wimbi. Nakhungu alikuwa ameketi kizingitini, amekonda, macho mazima, akichota maji kwa kibuyu bila kuinuka.

Wekoye alipiga magoti. Loo, pumzi aliyoishusha hapo alikuwa ameibana wiki tatu.

"Mama, uko."

"Niende wapi na nina mgeni? Lilifika jana jioni. Mgeni haulizwi habari kabla hajala, nikalichinjia kuku."

"Likala?"

"Halikuacha hata mfupa. Karibu ndani, mwanangu."

Walikula ugali na kunde, miguu yao ikiwa majini. Kisha Nakhungu akauliza, "Umepewa siku ngapi?"

Wekoye alifungua kibati kilichoning'inia shingoni, akatoa karatasi.

"Nne. Mbili za kuja na mbili za kurudi. Kuna ziwa lingine upande wa chini."

Nakhungu alimwongezea ugali, bonge kubwa, na Wekoye akala mpaka akashiba, kwa sababu mama yake alikuwa mzima, na saa ya kurudi, alfajiri, ilikuwa bado haijafika.