Mimba ya Mwanahawa

Mwanahawa alikuwa uani kwake Ziwani, akimenya mihogo ya kukausha, mtoto aliyekuwa tumboni mwake aliposema kwamba jua la leo ni kali, makopa yatakauka kabla ya Ijumaa. Mwanahawa akaongeza mihogo. Mimba ilikuwa imeingia mwaka wa tatu, na mtoto hakuwa amewahi kukosea habari za jua.

Baba wa mtoto, Fikirini, alifariki mwaka 1950, jiwe lilipomwangukia kwenye ujenzi wa bandari mpya ya Mtwara. Aliacha shamba la mikorosho na mke mjamzito. Kaka yake Fikirini, Thabiti, alilimezea mate lile shamba tangu siku ya matanga. Lakini urithi ulisubiri mtoto azaliwe, na Mwanahawa hakuwa na haraka ya kuzaa.

Thabiti alikwenda kwa kadhi. Kadhi akafungua kitabu, akasema mimba yaweza kukaa hadi miaka minne, na mjane mwenye mimba bado yumo edani. Asiolewe, wala asitoke nyumbani ila kwa dharura.

Thabiti akampeleka shemeji yake hospitali. Daktari Mzungu alimwekea tumboni pembe ya kusikilizia.

“Ya baridi hiyo,” mtoto akalalamika.

Daktari aliipasha pembe moto viganjani, akasikiliza tena, kisha akaandika kwamba mimba ni miezi tisa, na kinachozidi hapo ni uvimbe.

“Huo uvimbe umekwambia nini, bwana daktari?” Mwanahawa aliuliza.

“Kwamba pembe ni ya baridi,” daktari akasema, akatia sahihi.

Kesi ikafika kwa bwana shauri, ambaye hakupenda kumvunjia mtu heshima. Kwa daktari alichukua kwamba mtoto hayupo, kwa hiyo shamba likaenda kwa Thabiti, na Mwanahawa akapewa fungu la mjane, kipande cha bondeni ambako mikorosho haizai. Kwa kadhi alichukua kwamba mimba ipo, kwa hiyo Mwanahawa akae ndani. Ulikuwa udhalimu mtupu, ulioandikwa kwa mwandiko mzuri.

“Nizaliwe, mama?” mtoto aliuliza njiani. “Niwaonyeshe?”

“Ukizaliwa leo watasema Fikirini si babako, maana daktari keshasema miezi tisa. Kaa humo humo, mwanangu. Anayekutaka atakusubiri.”

Mtoto akakaa.

Msimu wa korosho ulipofika, Mwanahawa alijitwika kapu, akapita katikati ya kijiji mchana kweupe, eda na iwe eda. Aliingia shambani akaanza kuokota. Thabiti alikuja na vibarua, panga mkononi, amefura kwa hasira.

“Shikamoo, baba mkubwa,” mtoto akasema kutoka tumboni.

Vibarua walisikia, wakamtazama tajiri wao. Thabiti alikuwa mroho, lakini alilelewa vizuri, na hakujua namna ya kuiacha shikamoo ya mtoto wa ndugu yake bila jibu.

“Marahaba, mwanangu,” akasema. “Hujambo?”

“Sijambo.”

Kisha akaamuru kapu limwagwe na Mwanahawa atolewe shambani.

Miaka minne ya kadhi ilikwisha ikapita, kama ilivyopita miezi tisa ya daktari. Shamba lilibaki la Thabiti. Kila msimu Mwanahawa aliingia na kapu lake, mtoto akaamkia, na Thabiti, mbele ya vibarua wote, akaitikia.