Sauti Iliyohamia Kongo

Mulwa aliurudisha mtungi wa Mama Seline siku ya Jumanne, mchana kweupe, akiwa ameubeba begani kama mtu anayepeleka mahari. Alitoka nao Kongo, kule Kawangware, akapita nao Mashimoni yote, huku Kibera, mpaka mlangoni kwa Nafuna, akautua na kuomba msamaha. Mtungi haukuwa wa Nafuna, ulikuwa wa jirani yake, lakini msamaha aliuleta hapo.

"Mama, mimi nimekosa," alisema. "Lakini na wewe umezidi. Mtu anahama Kibera anaenda kukaa Kongo, bado unamfuata na simu?"

Nafuna alikuwa anachambua mrenda. Hakuwa amempigia Mulwa simu, na nambari yake hakuwa nayo. Alimwambia akae, akampa maji ya kunywa, akamwacha aseme yote, maana yeye hakuwa mtu wa kumkata mwenzake maneno. Ndipo Mulwa akaeleza kwamba siku hizi Kongo kuna nambari unayopiga ukitaka kujua ni kioski gani kina maji. Ukipiga unasikia sauti ya Nafuna mwenyewe, inakukaribisha. Halafu inaingia sauti ya msichana mwingine, laini kama ya redio, inakwambia ulipe shilingi kumi ndio usikie maji yako wapi. Ukishalipa unaambiwa, kisha Nafuna anarudi na kumalizia: usisukumane, na wewe Mulwa rudisha mtungi wa Mama Seline. Kongo nzima ilikuwa inamsikia. Watoto walikuwa wanamwimbia. Kulikuwa hata na Mulwa mwingine, fundi viatu, mtu wa kanisa asiye na kosa lolote, ambaye alinunua mtungi mpya akaupeleka kwa pasta, kujihami tu.

Mulwa alipoondoka, Nafuna alikaa na ule mtungi akiutazama. Ndio, ulikuwa wenyewe, na ile rangi nyekundu ya Mama Seline kwenye mkono. Mtungi ulikuwa umerudi, hilo alishukuru. Lakini alitaka kujua sauti yake ilihamaje Kongo bila yeye.

Alijua ilikotokea. Miaka miwili nyuma, Derrick, mjukuu aliyemlea, alikaa na kompyuta yake kitandani mwezi mzima akatoa programu. Maji ya Mashimoni huja yanapotaka. Leo yako kioskini kwa Sella, kesho yako kule chini kabisa, na mtu mzima mwenye magoti mabovu anaweza kuzunguka na mtungi mtupu mpaka saa sita. Derrick alitengeneza ili kila muuza maji apige simu asubuhi abonyeze moja kama maji yapo, mbili kama hakuna. Wengine wote wakipiga wanaambiwa, bure. Mwanzo alitaka kuweka sauti ya msichana mmoja wa chuo. Nafuna akamwambia kina mama hawataamini kitoto. Basi Derrick akamfunika bibi yake blanketi kichwani kuzuia kelele za jirani, akamwambia aseme kama anavyosema kwenye foleni. Akasema. Maneno ya mwisho aliyatoa kwa pumzi moja, bila kituo: ukifika usisukumane, mtungi ulioko kwa laini ni mtu, usiusogeze, na wewe Mulwa rudisha mtungi wa Mama Seline. Derrick alicheka mpaka akakohoa, akayaacha vilevile. Wiki iliyofuata Mulwa akahamia Kawangware.

Jioni Derrick alipokuja kula, Nafuna alimweleza. Kijana akaweka sufuria chini.

"Ni kampuni ya Bombalink," alimwambia bibi yake. "Wako Riruta. Kukhu, hao watu wamechukua kazi yangu yote wakaipaka rangi."

"Wameiba?"

Hapo Derrick akawa na taabu kidogo. Hawakuiba. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka mtandaoni, wazi, aichukue anayetaka. Ndivyo alivyoamini: programu ikifungiwa na mtu mmoja inaoza, ikiachwa wazi kila mtu anaitengeneza kidogo. Ila aliweka masharti. Ukichukua, sawa, hata uifanyie biashara. Lakini ukiongeza kitu halafu uwape watu, na hicho ulichoongeza lazima ukiache wazi vilevile, na useme ulikotoa. Bombalink walikuwa wameongeza mengi mazuri, hata kujua bomba limepasuka wapi kabla maji hayajakatika. Yote wameyafungia, na kwenye tovuti yao wameandika kwamba walianza na karatasi tupu.

Nafuna alielewa upesi. Mbegu za mrenda walikuwa wakipeana hivyo hivyo nyumbani Bungoma. Ukipewa konzi moja, ukivuna unampa mwingine.

"Na hayo masharti uliyaandika wapi?"

"Kwa programu, mwanzo kabisa. Kila mtu akichukua anaonyeshwa, anabonyeza nakubali."

"Wanasoma?"

Derrick akasema hakuna mtu husoma.

"Nisomee mimi," akasema Nafuna. "Polepole. Kwa Kiswahili."

Akasomewa usiku ule, na mengi yalikuwa maneno ya kuzunguka tu. Alipoyapembua yalibaki maneno matatu hivi, akayaandika nyuma ya kalenda ya kanisa.

Siku zilizofuata Derrick alipigana vita kwa njia aliyoijua. Aliandika makala ndefu mtandaoni kuhusu makampuni yanayokula jasho la umma. Watu mia nne na kumi na mbili wakaipenda. Mmoja wa Mombasa akasema neno sahihi ni programu huria wala si programu wazi, mwingine wa Eldoret akapinga, wakagombana siku tatu, na Derrick akiwa katikati anawaamua. Siku hizo tatu Bombalink walifungua laini mbili mpya za simu, moja Riruta na moja kwingine huko Kawangware.

Siku ya nne Nafuna akapigiwa simu. Alikuwa msichana, jina lake Everlyne, kutoka Bombalink, mwenye adabu. Alisema kampuni ingependa kumwona shosho, ndivyo alivyomwita bibi, siku ya Alhamisi, watamtumia gari. Kulikuwa na wageni wanakuja, watu wa kuweka pesa kwa kampuni, na mkubwa wao, Ian Kyalo, hangeweza kuwasikizisha yale maneno ya Mulwa. Walikuwa wamejaribu kuyakata, yakakataa, kwa vile hayana kituo. Walijaribu pia kutoa sauti yote na kuweka ya yule msichana wa redio, watu wa Kongo wakawa wanakata simu. Walisema shosho asipoongea, hiyo habari ya maji ni ya uongo.

Derrick alitaka asiende. Akienda kwao atakuwa amewakubali, alisema, hiyo ni kanuni.

"Nisipoenda watafanya nini?" aliuliza Nafuna.

"Wataendelea tu."

"Basi naenda. Kuendelea wataendelea nikiwa nimeketi hapa na kanuni."

Ofisi ya Bombalink ilikuwa Riruta, ghorofa ya pili juu ya duka la mabati. Alikaribishwa chai ya rangi isiyo na sukari na karatasi nne zilizobanwa pamoja. Ian Kyalo alimsalimu akiwa mbioni, simu mbili mkononi. "Shosho, niaje. Tuko pamoja?" Kabla hajajibiwa alikuwa ameshaingia chumba kingine. Everlyne akamwekea kalamu, akamwonyesha pa kutia sahihi, ukurasa wa mwisho, kwenye nukta.

Nafuna akatoa miwani yake aliyoinunua soko la Toi, akaipangusa, akaanza ukurasa wa kwanza.

Shule alikuwa ameenda miaka minne tu, na kusoma kwake kulikuwa kwa kidole. Neno moja, kidole kikasogea, neno lingine. Everlyne alingoja kidogo, akaenda kuchapa kitu, akarudi, akakuta kidole kimefika mstari wa sita. Alisema kwa upole kwamba ni karatasi ya kawaida tu, hata wao waliitoa mtandaoni bure, wakabadilisha jina.

"Mliisoma?"

"Tulibadilisha jina," alisema Everlyne.

Saa saba ikapita. Nafuna akafika ukurasa wa pili, hapo akakutana na neno milele. Akauliza milele ni mpaka lini. Everlyne akasema ni lugha ya sheria. Akafika pengine palipoandikwa kwamba sauti itakuwa mali ya kampuni peke yake. Kidole kikakaa hapo.

"Hii peke yake. Na ile simu yetu ya Mashimoni?"

Everlyne alitazama mlango wa Ian kwanza. "Hiyo itabidi inyamaze, shosho. Sauti itakuwa yetu."

Nafuna alimfikiria Mama Seline ambaye meseji hajui kuisoma, na wale wazee wa upande wa reli wanaopiga simu kila alfajiri kabla ya kuvaa viatu. Alifikiria magoti yake. Akamuuliza msichana anakaa wapi.

"Kongo."

"Na maji?"

"Napiga hii simu yetu, kama kila mtu."

"Unalipa?"

"Nalipa," akasema Everlyne, na kwa mara ya kwanza akacheka kidogo.

Ikafika saa tisa. Wageni walikuwa wanangojwa saa kumi katika ukumbi wa kanisa Kongo. Ian alichungulia mara mbili akiuliza kama shosho amemaliza, na mara mbili akaambiwa yuko ukurasa wa tatu. Ukurasa wa nne ulikuwa na mistari mitupu mitano, juu yake pameandikwa masharti mengine, kama yapo. Nafuna akafurahi kuona wamemwekea nafasi. Akakunjua ule ukurasa wa kalenda. Kwanza alirudi kwenye ukurasa wa pili, akaweka kifuko cha miwani kama rula, akapiga mstari ulionyooka juu ya yale maneno mawili, peke yake, jinsi mwalimu wa darasa la tatu alivyowafundisha kufuta bila kuchafua. Kisha akaandika katika ile mistari mitano, herufi kubwa za shule, moja moja:

Sauti hii ilitoka kwa programu ya Mashimoni na mtasema hivyo. Mkiongeza kitu kwa hiyo programu mtakiacha wazi wachukue wengine kama nyinyi mlivyochukua. Mashimoni hawatazuiwa wala kulipishwa.

Akatia sahihi yake, akasukuma karatasi mbele.

Everlyne aliisoma ikiwa imepinduka, juu chini, akiwa amesimama. Akamtazama Nafuna. Nafuna alikuwa anamalizia chai isiyo na sukari. Msichana akabeba karatasi mpaka kwa mkubwa wake.

"Amesoma?" sauti ya Ian ilisikika.

"Tangu asubuhi. Na ameandika."

"Ameandika nini, jina? Poa." Kalamu ikakwaruza mara nne. "Piga muhuri, tuende, watu wanafika."

Everlyne akapiga muhuri. Aliupiga kwenye kila ukurasa, na kwenye wa nne akaukandamiza vizuri ukakolea, halafu akampa Nafuna nakala yake katika bahasha.

Kurekodi kulichukua dakika moja. Walimwomba jambo moja tu, Mulwa asitajwe kwa lile deni lake. Nafuna akakubali, kwa kuwa deni lilikuwa limekwisha. Akavuta pumzi, akasema yote bila kituo: ukifika usisukumane, mtungi ulioko kwa laini ni mtu, usiusogeze, na wewe Mulwa asante, mtungi umefika.

Hapakuwa na wakati wa kurudia. Wageni walisikizishwa hivyo hivyo ukumbini, mmoja akauliza huyo Mulwa ni nani. Ian akasema hiyo ndiyo namna kampuni inavyokaa karibu na mteja. Wakapiga makofi. Nyuma kabisa, yule fundi viatu alitoka nje upesi kuuliza kama anaweza kurudishiwa mtungi wake na pasta.

Derrick aliisoma nakala usiku huohuo, mara tatu. Aliona muhuri ulivyokolea, akaketi chini. Kesho yake alikwenda Bombalink na rafiki yake wakili, na wiki ya pili Ian Kyalo mwenyewe akaja Mashimoni kwa miguu, simu zote mbili mfukoni. Nafuna alikuwa kwenye foleni kwa Sella.

"Shosho, si ungeniambia," alisema.

"Ulikuwa na haraka, mwanangu. Nikakuandikia."

Ian alitazama ile foleni ya mitungi, kama anayetafuta mtu wa kulalamikia. Alieleza kwamba mawakili wamemwambia aiache programu wazi tu, maana wale wageni hawatataka kesi, na tena hata programu ya Derrick ilikuwa na maneno hayohayo, alikuwa ameyabonyezea nakubali toka mwaka jana. Hakuwa anajua. Nafuna alimwambia pole. Alimaanisha, kwa maana kijana alionekana amechoka. Akamwomba amsogezee mtungi wake hatua moja mbele, laini ilikuwa inatembea.

Siku hizi Kongo wanapiga bure, maana programu ikiwa wazi yeyote angeweza kuwawekea simu isiyolipiwa, na kule kujua bomba lililopasuka kumefika mpaka Mashimoni. Bombalink wanawauzia wenye vioski kazi ya kutengeneza na kutunza mitambo, na wanakula vizuri tu. Ian anaalikwa kwenye mikutano mikubwa kuzungumza juu ya uwazi. Anasema kampuni yake iliuamini toka siku ya kwanza. Derrick aliisikia hotuba moja akakasirika, akaandika makala ndefu kuliko ile ya kwanza, na yule wa Mombasa akamsahihisha tena neno.

Derrick alikuwa bado anamjibu asubuhi ile Nafuna alipochukua simu, akapiga, akajisikiliza mpaka mwisho. Maji yalikuwa kwa Sella. Akamwambia mjukuu wake aache kompyuta kidogo, ampelekee mtungi kwa laini.