Sindano Mbili

Usaliti wa mume wangu wa kwanza niliujulia kwenye kifungo cha shati. Alirudi nyumbani kifungo kimeshonwa na mkono usio wangu, na haikupita wiki akahamia kwa mwenye mkono huo. Tangu hapo mwanamume akinichekea, mimi namtazama nguo.

Sasa fundi viatu wa mtaani kwetu anataka kunioa, na nikimwona moyo unalainika. Ndiyo maana nilishtuka jana alipokuja kutusalimia mimi na shangazi yangu: kifungo kimoja cha shati lake kilikuwa kimeshonwa upya, uzi umekazwa vizuri mno.

"Nani kakushonea?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Mkiulizwa, wote mnashona wenyewe."

Nikachukua mkasi, nikakikata palepale kifuani pake. Shangazi akashika kichwa.

"We binti, utaolewa na mkasi huo!"

Nikampa fundi sindano na uzi. Akavua shati, akabaki na fulana, kisha akaomba sindano ya pili. Akatunga sindano kila ncha ya uzi, akaupaka nta ya mshumaa, akazipitisha zote tundu moja, hii ikiingia na ile ikitoka, kama anashona soli. Kifungo kikakaa vilevile kama mwanzo.

"Umeridhika, bibi mpelelezi?"

Nikacheka, mara ya kwanza mbele yake. Nikamwambia awalete wazee wake. Ila siku hiyo avae lile shati la bluu, maana nalo nimeliona lina kifungo kipya.