Shemeji Ameshaingia

Mama Rangi alikuwa akichuja rangi kwa kipande cha soksi kuukuu. Kopo lilikuwa limekaa tangu juzi bila kufunikwa vizuri, na juu yake ulikuwa umeganda utando mgumu. Zamani angeutupa. Sasa, tangu rangi ya mafuta ipande bei mara mbili ndani ya mwaka mmoja, aliukunja utando ule, akaukamua kwa vidole mpaka tone la mwisho, ndipo akautupa.

Kisha alichukua msumari akakwaruza alama kwenye ubavu wa kila kopo: mkwaruzo mmoja kwa nyekundu, miwili kwa kijani, mitatu kwa kahawia. Yeye hakuzihitaji alama hizo. Zilikuwa za shemeji yake.

Shemeji yake, watu wa mtaani walimwita Ngazi kwa sababu hawakuwahi kumwona bila ngazi begani. Alikuwa hodari wa kuchora miili ya watu. Angeweza kumsimamisha mtu ukutani hadi ukaona mguu upi umechoka. Lakini macho yake hayakutofautisha nyekundu na kijani. Kwake zote mbili zilikuwa rangi ya udongo. Siri hiyo waliijua watu watatu tu. Wa tatu alikuwa kaka yake Ngazi, mume wa Mama Rangi, ambaye ndiye aliyebuni zile alama za msumari. Alipofariki, mjane wake alianza kumkwaruzia Ngazi makopo. Mwaka wa pili akawa anamchanganyia rangi. Mwaka wa tatu alikuwa akichora nyuso na mikono, na Ngazi akichora nguo, miili na majengo. Huu ulikuwa mwaka wa tisa.

Chini ya kila kazi, pembeni kulia, waliandika neno moja: SHEMEJI. Hawakulifikiria sana. Yeye alimwita Ngazi shemeji, na Ngazi alimwita yeye shemeji, kutwa nzima: shemeji nipe rola, shemeji sogeza ngazi, shemeji huyu mtoto umemchora ana miaka arobaini. Neno moja liliwatosha wote wawili.

Alifunika makopo, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akavaa gauni lake la kutokea. Ilipofika saa mbili alikuwa dirishani kwa karani wa vibali.

"Shikamoo mama," karani alisema bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata kitambulisho cha msanii."

"Unafanya kazi gani?"

"Nachora."

"Unachora wapi?"

"Ukutani."

"Ukuta wa nani?"

"Wa mwenye ukuta. Nimewahi kuchora hata wa ofisi hii. Ile picha ya watoto wanaonawa mikono, pale nje chooni, ni yangu."

Karani aliinua macho. "Ile? Mbona yule wa mwisho amekunja uso hivyo?"

"Siku ile bomba lilikuwa kavu."

Karani alitaka kucheka, akajizuia, akamwonyesha tangazo lililobandikwa kwenye kioo. Mama Rangi alikuwa amekwisha kulisoma mara nne. Kuanzia kesho, mtu yeyote atakayeonekana akichora barabarani bila kitambulisho cha msanii atakamatwa na vifaa vyake vitachukuliwa. Kitambulisho hutolewa kwa mwenye cheti cha chuo cha sanaa, au mwenye jina lililochapishwa katika kitabu cha maonyesho yanayotambulika. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokea maombi. Mwisho saa kumi.

"Cheti cha chuo unacho?"

"Sina. Ila leo kazi yetu inaonyeshwa kwenye nyumba ya sanaa. Kitabu kinatoka kiwandani saa saba."

"Basi lete kitabu. Nikiona jina lako humo, nagonga muhuri, yamekwisha."

"Na nikichelewa?"

"Mama, mimi nafunga dirisha saa kumi. Hata angekuwa mama yangu mzazi."

"Namhurumia mama yako," alisema Mama Rangi, akaondoka.

Hakuwa na wasiwasi mkubwa. Wiki iliyopita askari wa manispaa walikuwa wamemchukulia mfuko wa brashi, saba kwa jumla, pamoja na ile nyembamba ya nyusi aliyoachiwa na mumewe. Lilimuuma sana jambo lile. Lakini kitabu kilikuwa kinakuja. Na kesho walikuwa na ukuta wa zahanati, mita ishirini na mbili, kazi ya miezi miwili, kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Mganga wa zahanati alikuwa amesema wazi: kila atakayeshika brashi awe na kitambulisho, hataki ugomvi na manispaa.

Nyumba ya sanaa ilikuwa na ukuta mweupe na geti jeusi. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na daftari magotini.

"Jina, mama?"

"Shemeji."

Mlinzi alishusha kidole kwenye orodha, akakisimamisha. "Shemeji ameshaingia."

"Ni mimi pia."

"Mama, hapa pana mwaliko mmoja wa Shemeji, na Shemeji amepita saa tano, mwanamume mrefu hivi. Mimi nyumbani nina mashemeji wanne, na kila mmoja akija namfungulia mlango. Hapa nafuata daftari."

"Basi niitie huyo mmoja."

Ngazi alitoka mbio, mkononi ana kitabu, usoni ana jasho. Nyuma yake alifuata msimamizi wa maonyesho, kijana aliyevaa miwani na shati lililonyooshwa hadi mikunjo ya mikono ikasimama.

"Huyu ndiye msaidizi?" msimamizi aliuliza.

Ngazi alimtazama mlinzi. "Mpitishe."

Mlinzi alichomoa beji kwenye boksi, akamvisha Mama Rangi shingoni. Iliandikwa MSAIDIZI.

Ndani, kazi yao ilikuwa imesimamishwa kwenye ukumbi mkubwa. Walikuwa wameichora mwaka jana kwenye uzio wa mabati kuzunguka jengo lililokuwa likijengwa: watu kumi na mmoja kwenye foleni ya maji, kila mmoja na ndoo yake. Jengo lilipokwisha, nyumba ya sanaa iliyanunua mabati yale kwa mkandarasi, kwa kuwa mabati yalikuwa mali yake. Wachoraji waliambiwa wao watapata jina.

Mama Rangi aliitazama foleni yake chini ya taa zile. Hakuwahi kuiona mahali pasipo na vumbi. Yule bibi wa nne, aliyempa uso wa mama yake mzazi, alionekana kama anataka kuuliza zamu yake itafika lini.

"Nipe kitabu," alisema.

Ngazi alimpa polepole. Ukurasa wa sita ulikuwa na picha ya Ngazi juu ya ngazi yake, anacheka. Pembeni mwa picha ulionekana mkono ulioshika kopo, umekatwa kwenye kiwiko. Mama Rangi aliutambua mkono. Kovu la maji ya moto lilikuwa palepale. Chini ya picha paliandikwa: *Shemeji. Mchoraji wa mitaani. Alijifunza mwenyewe. Huchora peke yake, akisaidiwa na vibarua.* Likafuata jina kamili la Ngazi.

Alisoma mara mbili.

"Shemeji," Ngazi alianza, "nilipokuja kujaza ile fomu, palikuwa na mstari mmoja. Jina la msanii, mstari mmoja. Nikaandika Shemeji. Nilijua tumo wote wawili."

"Na jina lako chini?"

"Wakataka namba ya kitambulisho. Visanduku vilitosha namba moja. Wewe siku ile ulikuwa kliniki. Nikaweka yangu."

"Na vibarua?"

"Hilo wameliandika wao. Naapa."

Mama Rangi alifunga kitabu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Alimgeukia msimamizi.

"Mwanangu, kazi hii ni ya watu wawili. Nyuso zote ni zangu. Naomba barua, hata mistari miwili na muhuri wenu, niipeleke kwa karani kabla ya saa kumi."

Msimamizi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Hakuwa mtu mkorofi, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumkasirikia. "Mama, mwenye muhuri ni mkurugenzi, naye yuko uwanja wa ndege kupokea wageni. Isitoshe, kitabu kimeshachapishwa, nakala mia tano. Nikiandika barua inayopingana na kitabu, nitakuwa nimesema kitabu chetu ni cha uongo. Toleo lijalo tutarekebisha."

"Toleo lijalo lini?"

"Mwaka kesho, tukipata wafadhili."

Ngazi alisema kwa sauti ya chini, "Shemeji, maombi yangu hawa wameshayapeleka kwa karani pamoja na kitabu. Kitambulisho kikitoka kwa jina langu tutafanya kazi vilevile. Utakuwa... tutasema wewe ni msaidizi wangu. Kwa karatasi tu."

"Msaidizi haruhusiwi kushika brashi. Anashika ngazi. Nani atachora nyuso za zahanati? Wewe?"

Nyuso zote alizochora Ngazi zilifanana na kaka yake, na wote wawili walijua.

Msimamizi alikohoa. "Samahani, kuna jambo la haraka. Bati la mwisho limechubuka kwenye lori. Wageni wanaingia saa kumi. Nimenunua rangi. Shemeji, tafadhali." Alimtazama Ngazi.

Pale chini, mbele kidogo ya sahihi yao, chuma kilikuwa kimeparuza upana wa kiganja. Rangi ya gauni la mtu wa kumi na mmoja ilikuwa imetoka, pamoja na sehemu ya ardhi aliyoikanyagia. Gauni lilikuwa jekundu. Ardhi ilikuwa na majani machache ya kijani pembeni mwa bomba. Mezani palikuwa na makopo sita mapya, yanayong'aa, yote sawasawa, vifuniko vimefunguliwa na karatasi zake zenye majina ya rangi zimebanduliwa. Makopo yao wenyewe yalibaki nyumbani kwa Mama Rangi, kwa kuwa mlinzi alikuwa amekataza yasiingizwe kwa sababu ya harufu.

Ngazi alichukua brashi. Alilitazama kopo la kwanza, akalitazama la tatu. Alipitisha kidole gumba kwenye ubavu wa kopo, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kopo lilikuwa laini. Akajaribu jingine. Laini.

"Kuna tatizo?" msimamizi aliuliza.

Mkono wa Ngazi ulibaki hewani. Mama Rangi aliona shingo ya shemeji yake ikilowa. Angeweza kumwacha. Wazo hilo lilimjia wazi kabisa, na alikaa nalo kidogo: achovye kijani, avishe gauni jekundu kiraka cha kijani mbele ya msimamizi, wajue nyumba hii imemchapisha nani. Kisha akamkumbuka mumewe na msumari wake.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya kawaida, "wewe umechoka. Lete."

Alimnyang'anya brashi, akapiga magoti, beji ikaning'inia mbele yake ikimgonga kidevu. Akaitupa mgongoni. Nyekundu ile mpya ilikuwa kali mno kwa gauni lililokaa juani mwaka mzima. Aliituliza kwa kahawia kidogo na tone la kijani, akaijaribu kwenye ukucha, akaongeza. Alilipaka lile gauni. Alirudisha ardhi, akarudisha majani. Msimamizi alisimama nyuma yake akitazama mara brashi, mara saa, kisha akaacha kutazama saa.

"Una mkono mzuri, mama," alisema.

"Nimesaidia siku nyingi."

Simu ya msimamizi ililia, akaenda mlangoni kupokea. Kiraka kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni nafasi tupu ya ardhi, upana wa herufi mbili, mbele ya neno SHEMEJI. Mama Rangi aliitazama. Akachovya nyeupe, ncha tu ya brashi.

Ngazi aliona anachofanya. Alisogea akasimama kati yake na mlango, akatanua mabega.

Herufi zilitoka za urefu uleule, mwelekeo uleule, kwani hata zile za zamani alikuwa ameziandika yeye. Alipoinuka, magoti yakalia. Sahihi ilisomeka MASHEMEJI.

Msimamizi alirudi, akainama, akasoma. Akakifungua kitabu chake ukurasa wa sita, akasoma tena bati.

"Hii MA ilikuwepo?"

"Ilikuwepo tangu mwanzo," alisema Ngazi. "Ndipo palipochubuka."

Nje magari yalikuwa yanaanza kusimama. Msimamizi alishusha nakala ya kitabu mezani, sura ya jalada chini. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika tano. Kutoka pale hadi kwenye dirisha la karani ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu.

"Wewe baki," Mama Rangi alimwambia Ngazi. "Wageni watataka kumwona mtu. Kesho saa kumi na mbili, zahanati."

"Na askari?"

"Askari wanaanza zamu saa mbili. Katika saa hizo mbili nitakuwa nimepata uso mmoja, na nusu ya mwingine."

"Na siku zote sitini tutafanya hivyo?"

"Una la kunipa zaidi?"

Ngazi aliinamisha kichwa. "Makopo nitakuja nayo mimi, shemeji."

"Njoo nayo. Nimeshayakwaruza."

Getini alivua beji akamrudishia mlinzi. Wageni walikuwa wakipita na nguo za kunukia, na mlinzi akawa anaandika kwa haraka.

"Unatoka saa kumi kamili," alisema, kalamu ikisubiri. "Niandike nani? Msaidizi?"

"Andika Shemeji."

"Mama, nilishakwambia. Shemeji yuko ndani."

"Mmoja yuko ndani," alisema Mama Rangi. "Mwingine ndiye huyu anatoka. Andika."