Nyasi au Mawe

Damiano aliposhuka kwenye treni pale Kilosa, Fausta alimtambua kwa mabega. Miguu ilikuwa imechoka, mabega bado ya jeshi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Uafande uliisha siku tulipostaafu. Karibu nyumbani."

Alikuja kuhani. Valentino, mume wa Fausta, alizikwa Damiano akiwa amelazwa hospitalini. Ujanani wanaume hao wawili walikuwa askari wa miavuli. Fausta alikuwa sajini wa upelelezi: yeye ndiye aliyetangulia mahali pa kurukia, ajue ardhi ikoje, upepo unavumaje, na nani yuko chini.

Kesho yake walikodi gari na dereva, wakapita njia ya kijiji cha Ulaya hadi tambarare moja nje ya Mikumi. Sehemu kubwa sasa ilikuwa alizeti.

"Mlipangiwa kutua hapa, ile luteka ya masika, mazoezi yetu ya kivita," alisema Fausta. "Nilitangulia nimejifunga khanga, najifanya nachuma mboga. Kina mama wakaninong'oneza kwamba tembo wameanza kupita. Kweli, nikakuta kinyesi kinafuka mvuke. Nikaita kwa redio ya upepo, mkahamishiwa ng'ambo ya korongo."

"Tuliwaona tukiwa hewani, kundi zima!" Damiano alicheka. "Valentino alipiga yowe kama kachomwa na nyigu."

"Aliniapia kwamba hakuona kitu."

Damiano akamgeukia. "Dada, kuna jambo hukuambiwa. Mlango wa ndege ukifunguliwa, kila mtu humwomba Mungu wake. Valentino alikuwa akitugeukia na kusema, 'Rukeni, Fausta ameshapakanyaga.' Ikawa desturi yetu. Hata vijana waliokuja baadaye waliisema. Wengine walidhani Fausta ni mtakatifu."

Fausta alicheka. Miaka yote ile, jioni kabla ya kuruka, Valentino alimuuliza neno moja tu: "Nyasi au mawe?" Akijibiwa, hugeukia ukutani na kukoroma. Alidhani mumewe haithamini kazi yake.

"Mimi nilikuwa silali," alisema, akijifuta macho kwa upindo wa khanga. "Nawaza kisiki nilichokipita bila kukiona."

"Ndiyo maana yeye alilala."

Upepo ulipita juu ya alizeti. Fausta aliketi kwenye tuta, akamvuta Damiano aketi naye.

"Hebu nisimulie tena lile yowe."

Damiano akasimulia, safari hii kwa mikono yote miwili, mpaka dereva alipokuja kuwaita.