Yah: Mayai Arobaini ya Mama Mkwe

Mimi ni karani wa masjala. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu imekuwa kupokea barua, kuzigonga mhuri wa tarehe, kuziingiza kwenye daftari, na kuzirudisha zile ambazo hazikufuata utaratibu. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoijulia zaidi. Kuna watu wakiniona sokoni wanabadilisha njia. Nilidhani ni heshima.

Sasa sikiliza yaliyonipata, na ukitaka kucheka cheka tu. Mimi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha, hutaniongezea kitu.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu miezi minne iliyopita, baada ya ugonjwa kupita kwenye banda lake na kufagia kuku wote. Walikuwa kuku wa kishingo, wale wenye shingo tupu kama wamenyolewa, uzao aliouanza na mitetea mitatu mwaka alioolewa. Jirani yake wa zamani alikuwa na wachache wa uzao huohuo. Naye alipochoka kufuga, akakusanya mayai ya wiki nzima, arobaini kamili, akamletea mama kwenye trei kisha akauza kuku wake wote kwa mchinjaji. Kwa hiyo yale mayai ndiyo yaliyobaki duniani. Yakiharibika, basi tena.

Mama aliipakata ile trei kama mtoto mchanga, akasema ataulizia mtaani kama kuna mwenye kuku anayeatamia.

Nikasema, "Mama, mambo ya kuatamia yamepitwa na wakati. Niachie mimi."

Usinione mwema. Nimeolewa na mwanawe miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo yule mama hajawahi kunisema vibaya wala kunisifu. Nilitaka anisifu. Mara moja tu, hata kwa kunong'ona, ningeridhika.

Nikaazima mashine ya kutotolea kwa mwenzangu wa kazini, nikaiweka stoo. Karatasi ya maelekezo ilisema uweke alama kwenye kila yai kwa kalamu ya risasi, upande mmoja, ili ukigeuza usipotee. Kalamu ya risasi! Mtu wa cheo changu! Ijumaa ile nilitoka kazini na mhuri wa ofisi ndani ya mkoba, kitu ambacho ni marufuku kabisa, na marufuku hiyo niliiandika mimi mwenyewe na kuibandika ukutani. Nikagonga mayai yote arobaini. IMEPOKELEWA, na tarehe chini yake, kwa wino wa zambarau. Yalipendeza, sikufichi. Kisha nikachora rejesta yenye safu tano, ya namba, saa, upande, hali na saini, nikaibandika juu ya kifuniko cha mashine kwa utepe wa gundi pande zote nne isije ikapeperuka. Kila nikigeuza mayai, natia saini. Yaani niliyageuza mwenyewe, nikajisainia mwenyewe, nikajikagua mwenyewe.

Siku kumi na sita mambo yalikwenda sawa. Siku ya kumi na saba asubuhi nikakuta kioo cha mashine kimejaa matone ya maji, na kipimo cha joto, ambacho hakitakiwi kuvuka thelathini na saba na nusu, kinasoma thelathini na nane na nukta sita. Nikapunguza. Kikashuka kidogo, kikapanda tena.

Kumwambia mwenye mashine nimeshindwa sikutaka. Saa ya chakula cha mchana nikakaa nyuma ya makabati ya mafaili, nikafungua simu, nikajiunga na jukwaa la wafugaji la maswali na majibu. Wakaniambia nichague jina. Nikajiita Mfugaji Mahiri. Chini ya jina wakaniandikia wenyewe, bila kuniuliza: Mgeni, pointi 1.

Nikaandika swali kama linavyotakiwa kuandikwa na mtu aliyelelewa.

"YAH: MASHINE YA KUTOTOLEA KUPANDA JOTO. Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Natumaini mu wazima wa afya pamoja na familia zenu na mifugo yenu. Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfugaji mwenye uzoefu..." na kuendelea, aya nne, hadi "Natanguliza shukrani zangu za dhati. Nakala: Jalada."

Hazikupita dakika nne, akatokea msimamizi anayejiita Kiranja. Akafuta shikamoo. Akafuta afya za familia. Akafuta uzoefu wangu, shukrani zangu, na jalada langu. Nilipofungua tena nikakuta: "Mashine inapanda joto. Nifanye nini?" Chini yake kaandika: "Salamu na shukrani huondolewa ili kuokoa muda wa msomaji."

Nimetuma ng'ombe mzima, kumebaki kwato.

Bado sijapumua, swali likafungwa. "Limeshaulizwa." Wakanipa la kusoma. Nikalifungua. Lilikuwa la miaka tisa iliyopita, la bwana mmoja ambaye mashine yake haipati joto, tena ana mayai ya bata. Na mwisho wake yule bwana kaandika, "Nimeshapata jibu, asanteni," akaondoka zake, na lile jibu akaondoka nalo.

Nikataka kumwandikia Kiranja kwamba langu linapanda na hilo linashuka. Sehemu ya maoni ikagoma. Ili uache maoni lazima uwe na pointi hamsini. Pointi unazipataje? Kwa kuuliza maswali mazuri. Langu limefungwa. Utaratibu wa namna hiyo ningeusikia kwa mtu ningesema anatania, lakini nikakumbuka nasi pale masjala ukipoteza stakabadhi unaandika barua ya kuomba nyingine, na barua haipokelewi bila stakabadhi. Nikalifukuza hilo wazo haraka.

Palikuwa na kitufe kimoja tu kilichokubali, cha "Jibu". Nikajijibu mwenyewe, nikieleza tofauti ya kupanda na kushuka. Kiranja akafuta. "Hili si jibu." Najua si jibu, bwana wee, mimi ndiye mwenye swali!

Hata hivyo aliacha ujumbe: "Tutalifungua tena ukiongeza aina ya mashine, siku ya ngapi, kipimo cha joto, na picha ya mashine nzima, juu na ndani."

Hapo ndipo shingo ilipokwama. Aina ya mashine, sawa. Siku, sawa. Joto, sawa. Lakini picha? Nipige picha mayai arobaini yenye mhuri wa ofisi, jina la idara likisomeka vizuri, niyatundike mtandaoni? Mkuu wangu ana simu. Mkuu wangu anafuga.

Badala ya picha, nikaandika swali jipya. "YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KIRANJA." Aya saba. Nilitaja heshima, malezi, na utumishi wangu uliotukuka. Niliandika vizuri mno. Hadi leo nikikumbuka aya ya tano nasikia raha. Nikasimamishwa kuuliza kwa saa ishirini na nne.

Jioni nilipofika nyumbani, joto lilikuwa thelathini na nane na nukta nane. Nikawa nafungua kifuniko kupepea kwa daftari, nafunga, nafungua tena. Mama mkwe akasimama mlangoni pa stoo, kanga begani, hakuingia.

"Wanaendeleaje, mwanangu?"

"Wanaendelea vizuri tu, Mama."

Akatazama juu ya mashine, akanitazama mimi, akaenda zake. Nilipumua alipoondoka, na nilijichukia kwa kupumua.

Siku ya kumi na nane nikiwa bado kifungoni, mume wangu aliniona nimekaa sakafuni na kitambaa chenye mate nafuta yai. Yeye ni fundi bomba, haoni haya kuingiza mkono popote. Nikamweleza yote, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumlalamikia.

"Weka picha," akasema.

"Na mhuri?"

"Si ufute?"

"Ni wino wa ofisi. Umetengenezwa usifutike."

Akafikiri. "Kwa hiyo mayai yafe, mhuri uishi."

Nikamwambia aende akazibe mabomba ya watu. Akaenda, lakini lile neno hakuondoka nalo.

Siku ya kumi na tisa, alfajiri, nilichukua yai moja nikaliweka sikioni. Humo ndani kulikuwa na mtu. Alilia, sauti ndogo sana, mara mbili. Nikasubiri ya tatu. Nikasubiri hadi mkono ukafa ganzi, na ya tatu haikuja. Nikachukua jingine, nalo kimya. Jamani, nililia. Nilikuwa nimetunza heshima ya mhuri siku mbili nzima, na humo ndani kulikuwa na kiumbe anayeniita.

Nikapiga picha. Juu, ndani, mayai, mhuri, jina la idara, vyote. Kifungo kilikuwa kimeisha. Nikaandika bila shikamoo, bila yah: "Siku ya kumi na tisa. Joto thelathini na nane na nukta tisa. Kioo kina maji. Kifaranga alikuwa analia, amenyamaza. Picha hizi hapa."

Watu wa jukwaani waliniona kabla hata sijafunga mlango wa stoo. Wa kwanza: "Mayai yamepokelewa, je, yameshajibiwa?" Wa pili: "Nakala kwa jogoo." Wa tatu alitaka kujua kama yai lisilo na kiambatisho hurudishwa kwa kuku. Nilikaa pale nikichekwa na watu nisiowajua, na kilichoniuma zaidi ni kwamba yalikuwa maneno yangu mwenyewe, yale ninayowaambia watu dirishani kila siku, ila mimi huyasema bila kucheka.

Mara yakaanza kupotea. Moja, la pili, la tatu. Kiranja. "Maoni yasiyosaidia yameondolewa." Kisha likaja jibu lake:

"Bandua karatasi iliyo juu. Imeziba matundu ya hewa. Wiki ya kwanza vifaranga wanavumilia, wiki ya mwisho wanatoa joto lao wenyewe, hawawezi. Bandua sasa, usisome zaidi."

Nikaibandua rejesta kwa kucha. Chini yake palikuwa na vitundu vinne, vile ambavyo siku ya kwanza nilidhani ni mahali pa skrubu zilizopotea. Mvuke ukatoka. Saa moja baadaye kioo kikaanza kukauka, na kufikia saa nne joto likarudi mahali pake lenyewe, bila mimi kugusa chochote. Kazini nilisema naumwa, na haukuwa uongo.

Nikamwandikia Kiranja kuuliza kama ningeweka picha siku ile ya kwanza wangepona wote. Akajibu kwa mstari mmoja: "Hilo ni swali jingine. Fungua swali jipya."

Sikulifungua. Jibu nilikuwa nalijua.

Siku ya ishirini na moja, mchana, wakatoka kumi na wanne. Wamelowa, shingo tupu, wabaya wa sura kama walivyotakiwa kuwa. Mmoja alitoka na kipande cha ganda mgongoni kilichoandikwa POKEL. Nilisubiri siku nzima iliyofuata na nusu ya nyingine. Mayai ishirini na sita hayakupasuka.

Nikaenda kumwita mama mkwe. Alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kama mtu anayesoma hukumu yake: karatasi, matundu, mhuri, siku mbili za kiburi, ishirini na sita. Nilimwambia pia kwamba jioni ile aliponiuliza nilimdanganya.

Alikuja stoo, akakaa kwenye kigoda, akawatoa mmoja mmoja kwenye boksi nililowahamishia, akiwageuza na kuwapuliza manyoya. Akawatenga wawili pembeni, akawatazama kwa muda mrefu.

"Hawa nadhani ni majogoo," akasema. "Wawili wanatosha kuanza."

"Nisamehe, Mama."

"Lile karatasi nililiona," akasema. "Siku ile ile ulipobandika. Nikajiuliza, mbona kaziba? Hata mashine lazima ipumue, nikasema moyoni."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Alimrudisha kifaranga taratibu ndani ya boksi kabla ya kunijibu, na aliponijibu hakuwa na hasira hata chembe, ndiyo maana neno lake lilinichoma.

"Mwanangu, mimi humu ndani mgeni. Nikiosha sufuria, siyo hivyo. Nikianika nguo, siyo kamba hiyo. Nikifunga jokofu, nimelibamiza. Kila nikifungua mdomo nakuta kuna utaratibu nimeuvunja. Nikaona heri ninyamaze."

Nilikuwa nimehangaika siku tatu kuwabembeleza watu nisiowajua waniruhusu kuuliza, na mtu aliyefuga kuku hawahawa miaka hamsini alikuwa chumba cha pili, nimemziba mdomo kwa sheria za sufuria.

Nikaketi sakafuni, karibu na miguu yake. Vifaranga walikuwa wanapiga kelele, wamekanyagana kwenye kona ya boksi.

"Mama," nikasema, "hawa wanakula nini?"

Alinitazama kwanza, kuhakikisha kwamba nauliza kweli.

"Leo hawali," akasema. "Wamezaliwa na akiba tumboni. Waletee maji tu, kwenye kisahani, na utie vijiwe ndani wasizame." Akasogeza kigoda kunipisha. "Kesho nitakuonyesha."